Hatua za Demensia: Mlezi Ndiye Shahidi Mkuu

Bibi anayeishi Matogoro, chini ya milima inakoanzia mto Ruvuma, aweza kusahau jina la mjukuu wake na bado akapika ugali, akahesabu chenji dukani na kurejea nyumbani peke yake. Mwenzake hukumbuka vyema nyimbo za ujana wake, lakini hawezi tena kuvaa nguo bila msaada. Ikiwa wote wana demensia, huyu wa pili ndiye ambaye ugonjwa umemwendea mbali zaidi. Hatua ya ugonjwa huonekana hasa katika shughuli za kila siku ambazo mgonjwa hawezi tena kuzitimiza.

Demensia ni ugonjwa wa ubongo. Si uzee wa kawaida, wala si kurogwa. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi wanao. Huko huko Hai kilibuniwa kipimo cha IDEA, kinachowafaa hata wasiojua kusoma: mzee huulizwa siku ya juma, hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno 10 na kupanga njiti za kiberiti. Kipimo hicho huashiria tatizo tu. Ili kujua hatua, mhudumu hana budi kumhoji anayeishi na mgonjwa.

Katika hatua ya mwanzo, mgonjwa hurudia maswali, hupoteza vitu na hukosea hesabu za fedha, ingawa hujihudumia. Huu ndio wakati wa kumshirikisha katika maamuzi ya mali na matibabu, angali akiweza kusema atakalo.

Katika hatua ya kati, huhitaji msaada wa kuoga na kuvaa, hupotea njia, na pengine hudai ameibiwa. Asibishiwe wala kukaripiwa. Ubongo ndio unaokosea. Apewe maelekezo mafupi, jambo moja kwa wakati, na jiko la moto lisiachwe bila mtu.

Katika hatua ya mwisho, maneno humwishia, hushindwa kutembea, kuzuia haja na hatimaye kumeza. Alishwe polepole akiwa ameketi wima, na ageuzwe mara kwa mara ili asipate vidonda vya mgongo.

Mara nyingi hatua hizi hupishana kwa miaka. Kwa hiyo, mgonjwa aliyekula na kuzungumza jana, leo akawa amechanganyikiwa au amelala mchana kutwa, asichukuliwe kuwa ameingia hatua mpya. Huenda ana malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, kiharusi au madhara ya dawa. Afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Familia ikisema "ndio ugonjwa wake", mgonjwa aweza kufa kwa maradhi yanayotibika.

Mhudumu naye aulize swali moja kila mara: "Mwezi uliopita alikuwa akifanya nini ambacho leo hawezi?" Na mlezi aandike majibu katika daftari, pamoja na tarehe, aje nalo kliniki. Mlezi huyo pia aulizwe hali yake na apokewe zamu na ndugu, kwa maana naye huchoka.