Usilitupe bati lako, livike rangi

Mgeni afikaye kambi ya Ifo, karibu kilomita 100 kutoka mjini Garissa, hudhani adui wa paa ni mvua. Wakazi wanajua vingine. Mvua huko huja katika misimu miwili mifupi, gu na deyr, na ingawa inaweza kuleta balaa, kama mafuriko ya Novemba 2006, jua halina msimu. Ndilo linalolimaliza paa.

Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, Wasomali walipokimbia vita baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka. Akina mama walijenga vibanda vya kwao, aqal: fito zilizopindwa zikawa mfano wa nusu yai, zikafunikwa kwa chochote kilichopatikana. Kisha likaja turubai la UNHCR, ambalo kwa kawaida huwa na mita 4 kwa 5. Plastiki hiyo huzuia maji barabara, lakini miali ya jua huila kidogo kidogo. Hupauka, hukakamaa, halafu upepo wa jioni moja huichana.

Ndiyo maana kwenye vibanda vingi utaona turubai limevikwa gunia, mkeka au nguo kuukuu zilizoshonwa pamoja. Mpita njia huona umaskini. Kumbe ni ufundi: gunia linapokea jua badala ya plastiki, na gunia likichakaa kubadilisha si kazi.

Baadaye mabati nayo yaliingia kambini. Kwa miaka mingi serikali haikutaka majumba ya kudumu huko, hivyo bati ni mali ya kuhamishika. Lililotunzwa hung'olewa na kupigiliwa penginepo. Lililooza humwacha mwenyewe mikono mitupu. Hapo ndipo familia ya mjini, iwe Garissa au Eastleigh, inaweza kujifunza jambo.

Bati ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki hujitoa mhanga: huliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiliwe. Ikiisha, madoa ya kahawia hujitokeza, na hapo wengi hukimbilia duka la vifaa vya ujenzi kununua bati jipya. Subiri kidogo, msomaji. Gonga bati. Likiwa bado gumu na kutu iko juujuu tu, linaokoka. Lililotoboka kama chujio, hilo lisikupotezee rangi.

Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, osha vumbi na masizi, acha likauke kabisa. Anza na rangi ya kuzuia kutu, ndipo upake rangi ya paa mara mbili. Anayepaka juu ya kutu anaifunika tu, nayo itaendelea kula chini kwa chini. Na bati jipya linalong'aa halishiki rangi ya kawaida; huambuka kama ganda la kitunguu. Tafuta rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki, au liache lififie kwanza.

Rangi ipi? Mimi ningechagua nyeupe, hata jirani wakicheka. Hurudisha sehemu kubwa ya jua angani, na watoto wanaosoma chini ya bati adhuhuri wataihisi tofauti. Ila kama unakinga maji ya kunywa kutoka paani, soma mkebe kabla ya kulipa: rangi yenye risasi ni sumu, na lami nayo haifai kwa paa hilo.

Usisahau misumari. Mara nyingi kuvuja huanzia hapo, kwani mpira wa chini ya kichwa cha msumari huchoka kwa joto na kupasuka. Badilisha mpira kabla ya kulilaumu bati.

Panda asubuhi na mapema. Saa sita bati la Garissa huunguza goti, na rangi iliyopakwa juu ya bati la moto hukauka kwa pupa na kufanya malengelenge.