Kuagizia maua kwa simu: hukumu ya bei ya salam

Limetufikia suali kutoka Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, ambako siku hizi majumba mapya yanasimama jirani na kijiji cha zamani. Mama mmoja aliagizia vikuba vya asumini na mrehani kwa harusi ya bintiye. Aliona picha kwenye simu, akatuma nusu ya thamani, shilingi 60,000, kwa simu hiyo hiyo. Usiku wa harusi akaletewa mawaridi, tena mengine ya plastiki. Muuzaji akajibu kuwa asumini limeadimika kwa mvua na kwamba pesa hazirudi. Je, ni halali yake?

Ifahamike kwanza kuwa kuuza kitu kisichokuwepo, kwa sifa zinazojulikana na thamani kulipwa mbele, ndiyo bei ya salam. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kabla kwa matunda ya mwaka mmoja na miwili. Hakuwakataza, bali aliwawekea sharti kwamba kipimo na muda vijulikane. Hadithi hii ameipokea Ibn Abbas, nayo imo katika Bukhari na Muslim.

Ama simu yenyewe haina tatizo. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1990, lilikubali mikataba ya vyombo vya mawasiliano, ila lilizitoa nje ndoa, ubadilishaji wa fedha na salam, kwa kuwa katika salam rasilmali lazima itangulizwe. Katika kikao hicho hicho Baraza lilikubali kuwa pesa zikiingia katika hesabu ya mtu huhesabika amezipokea. Kwa hiyo anayetuma pesa pale pale, wakati wa kuafikiana, ametimiza sharti. Aliyelipa nusu, kwa madhehebu yetu ya Shafii, salam yake inasihi kwa nusu hiyo tu.

Tatizo kubwa liko katika sifa. Picha haitoshi, kwani ni ya maua mengine yaliyokwishanyauka zamani. Lazima yasemwe kwa maneno: asumini la tumba au lililochanua, uzito gani, lifike wapi na saa ngapi. Saa si jambo dogo hapa. Asumini huchumwa jioni likiwa tumba, likachanua usiku. Likiletwa asubuhi halina kazi tena.

Na kikuba je? Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ametaja katika Minhaj kwamba salam haisihi katika mchanganyiko ambao viungo vyake vyote vinakusudiwa wala havidhibitiki, kama manukato ya ghaliya. Kikuba kinaingia humo iwapo kiasi cha kila ua hakikutajwa. Njia nyepesi ni kuagizia asumini peke yake kwa uzito, mrehani peke yake, kisha kumwajiri mtungaji kwa ujira mbalimbali. Wala isishurutishwe asumini la bustani fulani au la kijiji kidogo kama Fumba, maana mti ule ukikosa maua hakuna cha kutoa. Liagiziwe asumini la Unguja.

Sasa turudi kwa mama yetu. Ikiwa viungo havikubainishwa, mkataba umebatilika na shilingi 60,000 ni zake. Ikiwa vilibainishwa, basi bidhaa ikikosekana siku yake mkataba hauvunjiki wenyewe. Mnunuzi ana hiari ya kusubiri hadi ipatikane au kuvunja na kurejeshewa rasilmali yake. Nani atasubiri asumini la harusi iliyokwisha? Mvua ni udhuru wa kutoleta maua, si udhuru wa kubaki na pesa za watu. Na waridi halishiki nafasi ya asumini hata mama akiridhia, kwa kuwa ni jinsi nyingine. Wakitaka hivyo, wavunje salam kwanza, kisha wauziane mawaridi upya kwa bei yake. Ya plastiki yarudi na kijana aliyeyaleta, na nauli yake ni juu ya muuzaji.