"Ajali haina kinga" na hadithi nyingine za njia ya Bukoba–Muleba

Gari la abiria linatoka Bukoba kwenda Muleba. Likishapita Rwamishenye, dereva anaanza kusoma taa za wenzake. Anayekuja mbele akimulika mara mbili, mguu unatoka kwenye mafuta, mshale unashuka hadi 50, na konda anakumbuka kufunga mkanda. Trafiki na tochi yake ya kupimia kasi wanapitwa kwa salamu ya heshima. Kilomita mbili mbele mshale umeshapanda tena, na mjadala unaanza. Hoja ni zilezile kila safari. Tuzipime.

"Ajali haina kinga."

Uongo, na ndio unaotugharimu kuliko wote kwa sababu umevaa nguo ya busara. Bukoba tunajua kwamba si kweli. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliangukia ziwani karibu kabisa na uwanja wetu. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Hakuna aliyesema "haina kinga, tukazike basi". Uchunguzi ulifanyika, taarifa zikaandikwa. Usafiri wa anga umefika ulipofika kwa tabia hiyo ya kuiuliza kila ajali maswali hadi ijibu. Barabarani sisi huvuta gari pembeni, tunafagia vioo, tunapanga ratiba ya msiba.

Mfano wa kinga upo hapahapa nchini. Dar es Salaam, shirika la Amend lilianza kwa kuuliza ni watoto wangapi wamegongwa, wa shule ipi, wakivuka wapi. Baada ya majibu ndipo yakaja matuta, njia za waenda kwa miguu na vivuko, kwenye shule zilizoonekana kuumia zaidi. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa kazi na zisizofanyiwa ulikuta majeraha ya wanafunzi yamepungua kwa asilimia 26. Mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda tuzo ya kimataifa ya miji, Ross Prize. Saruji, rangi, vibao, na kabla ya hivyo vyote, daftari.

"Polisi wana takwimu zote."

Si kweli, na si kosa la polisi peke yao. Kwa mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya barabarani. Shirika la Afya Duniani likakadiria 16,252. Ni makadirio, sawa, yana mahesabu yake. Lakini hata ukiyakata nusu, bado kuna maelfu ya watu waliokufa nje ya daftari. Chukua pia mwaka 2024: ajali 1,735 zilizotangazwa kitaifa, vifo 1,715. Soma tena. Karibu kila ajali, maiti moja. Mtu yeyote aliyewahi kukaa wiki moja jirani na stendi anajua kwamba ajali nyingi haziui. Kwa hiyo ajali inayoingia hesabuni ni hasa ile iliyokwisha kuua, wakati za kuvunjika mguu, ambazo ndizo zingetuonya mapema, zinamalizwa palepale kwa maelewano ya kulipana bampa.

Sasa ishushe hesabu hiyo hadi Muleba. Kijana wa bodaboda anagongwa usiku Izigo. Wasamaria wanambeba hadi Kagondo au Rubya, kutegemea pikipiki ya nani ina mafuta. Fomu ya polisi, PF3, inafuatwa baadaye. Hali ikiwa mbaya anapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, na siku ya 12 anafariki. Kwa kipimo cha kimataifa, kifo chochote ndani ya siku 30 baada ya ajali ni kifo cha ajali hiyo. Je, atahesabiwa Kagera au Mwanza? Kituo cha polisi kinaweza kubaki na jalada la majeruhi. Hospitali inaweza kuandika jeraha la kichwa, isiandike barabara wala kilomita. Na palipo na neno "chanzo" huandikwa "mwendokasi", na aliyeandika alifika nusu saa baadaye akakuta gari limelala. Huenda amepatia. Lakini hakuna aliyepima.

Hapa ndipo penye shida. Vipande vya ukweli tunavyo: polisi wana majalada, hospitali zina rejista, TANROADS, wakala wa barabara, wana barabara na vipimo vyake, LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, wana mienendo ya mabasi. Ila polisi wako chini ya Mambo ya Ndani, hospitali zina bwana wake, barabara zina wizara yake, na mabasi yana yake. Hakuna ramani itakayochoreka mpaka vipande hivyo vikae meza moja.

"Mabasi yanafuatiliwa na setilaiti, tatizo limekwisha."

Nusu kweli. Mfumo wa LATRA wa kufuatilia mabasi ya mikoani, wengi wanaujua kwa kifupi cha VTS, ulirithiwa kutoka kwa mtangulizi wake SUMATRA na unafanya kazi: kifaa ndani ya basi hutuma mahali lilipo na kasi yake, na basi likizidisha, kengele hulia mpaka abiria wa siti ya nyuma anasikia. Bila ufuatiliaji wa namna hiyo, ruhusa ya mabasi kusafiri saa 24, iliyoanza Oktoba 2023 baada ya miaka mingi ya zuio la usiku, ingekuwa kamari.

Lakini basi kutokuvuka 80 si sawa na basi kwenda salama. Sheria yetu ya usalama barabarani inayaruhusu mabasi na malori kilomita 80 kwa saa, na inamtaka kila dereva asizidi 50 penye makazi. Basi linalokatiza Kemondo kwa 75, ndizi zikiwa zimepangwa hatua chache kutoka kwenye lami, halijagusa 80. Limezidisha 25. Na gari dogo lililojaza abiria, lile tunaloliita mchomoko, lenyewe si basi la mikoani, kwa hiyo mfumo huo haulioni.

Kuna jambo jingine ambalo naona tunalidharau. Tunaitazama data ile ya VTS kama fimbo ya kumchapa dereva mmoja mmoja. Thamani yake kubwa ni pale madereva 30 tofauti, wa kampuni tofauti, wanapozidisha kasi kwenye kipande kilekile. Madereva 30 hawawezi kuwa wote vichaa. Barabara yenyewe inawaambia wakimbie: imenyooka, ni pana, kibao kimefunikwa na majani. Hapo dawa ni kufyeka, kuweka kivuko na matuta, na faini inafuata nyuma.

"Tochi ni mradi wa kukusanya faini."

Inategemea imesimama wapi. Tochi iliyofichwa kwenye kichaka mwisho wa mteremko, mahali pasipo nyumba, itakusanya shilingi 30,000 nyingi na kuokoa wachache. Tochi hiyohiyo mbele ya shule, saa ambayo watoto wanatoka, ni chanjo. Trafiki wakipangwa kwa ramani ya majeruhi badala ya mazoea, hata hii lugha ya kumulikiana taa inageuka msaada: madereva wataambiana wapunguze mwendo mahali panapostahili.

"Mwendo unaokoa muda."

Kweli, kidogo. Kilomita 40 kwa 80 ni dakika 30. Kwa 100 ni dakika 24. Umepata dakika sita, na utazirudisha zote konda akianza kugombania chenji Muhutwe. Ulichotoa ni hiki: kutoka 80 hadi 100, nguvu ya kugonga inapanda kwa asilimia 56. Katika ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, gari la 80 limeshakula mita 22, la 100 mita 28. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa kasi ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Dereva mzoefu? Uzoefu hauongezi breki.

"Bodaboda ndio wanaosababisha yote."

Wanajaa wodini, hiyo haina ubishi. Kujaa wodini na kusababisha ni mambo mawili. Asiye na bodi ya kumkinga ndiye anayelazwa, awe na kosa au asiwe nalo.

"Takwimu ni kazi ya wataalamu wa Dodoma."

Uongo, na huu unaweza kuumaliza wewe wiki hii. Chukua futi kamba na chokaa, pima mita 100 za barabara mbele ya shule au soko lenu, weka alama mbili. Tumia saa ya simu. Gari likitumia sekunde 7.2 kutoka alama hadi alama, linakwenda 50. Sekunde 4.5, ni 80. Sekunde 3.6, ni 100. Andika saa, aina ya gari na sekunde. Namba ya gari achana nayo, hamtafuti mtu. Mkifika magari 100, yapangeni kuanzia la polepole hadi la kasi, kisha mtazame la 85. Hiyo ndiyo kasi ambayo wahandisi wa barabara huitumia kujua kama kibao kinatiiwa.

Fanyeni siku ya kawaida, na mrudie Desemba, watu wanaporudi nyumbani. Nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, moja iende TANROADS mkoa, moja kwa trafiki wilaya, na mdai mhuri wa kupokelewa. Na wahesabuji wasimame mbali na lami.