Kofia ya borsalino: nani aliitengeneza?

Siku ya Yenga, kwa ndoa ao kwa kilio, hatukosi mzee mmoja mwenye borsalino kichwani. Vijana watacheka, watasema ni mambo ya zamani. Lakini ile kofia iko na historia, na inatuhusu sisi batu ya mine kuliko vile tunafikiri.

Jina lake lingine ni fedora. Lilitoka Paris mwaka 1882, kwa mchezo wa Victorien Sardou. Sarah Bernhardt alicheza mwanamke aitwaye Fédora, na alivaa kofia ya namna ile. Kumbe ilianza na wanawake! Wanaume waliipenda sana miaka ya 1920, wakati Edward, mtoto wa mfalme wa Uingereza, alionekana nayo. Na jina tunalotumia huku ni la Giuseppe Borsalino, aliyefungua kiwanda cha kofia Alessandria, Italia, mwaka 1857.

Miaka ya 1930 na 1940 ukingo ulikuwa mpana, kichwa chake kirefu. Ni ile ya Humphrey Bogart katika sinema Casablanca, 1942. Miaka ya 1950 ukingo ukaanza kupungua. Kufikia 1960 ulikuwa mwembamba, sawa ule wa Frank Sinatra. Kisha motokari zikawa na paa ya chini, vijana wakataka nywele zionekane, na wanaume wengi wakaacha kofia. Huku kwetu, miaka ya 1970, Mobutu alileta abakosti, na yeye mwenyewe akavaa kofia ya ngozi ya chui. Njo sinema zilirudisha fedora: Borsalino ya Delon na Belmondo, 1970; Indiana Jones, 1981. Michael Jackson naye akavaa nyeupe, na basapeur wetu hawakukubali kubaki nyuma.

Sasa tuulize swali ya sendika: ni mikono ya nani iliitengeneza?

Kitambaa chake kinatoka kwa manyoya ya sungura. Zamani, ili manyoya yashikane, waliyapakaa dawa ya zebaki, ile tunaita merkiri. Kisha walifanya kazi ndani ya mvuke wa moto, na mfanyakazi aliuvuta kila siku. Mikono ikaanza kutetemeka, meno kulegea, akili kuvurugika. Kule Danbury, Marekani, mji wa kofia, ule ugonjwa uliitwa mtetemeko wa Danbury.

Mwaka 1902, wafanyakazi wa kiwanda cha Loewe, mjini mule, walifanya mgomo juu ya bwana mkubwa kukataa sendika yao. Sendika ikaomba watu wasinunue kofia zake. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ilisema ni kosa. Mwaka 1915 ikahakikisha malipo ya dola zaidi ya 250,000, na nyumba na akiba za wafanyakazi zilikuwa zimekwisha kushikwa. Wenzao wa inchi nzima walichanga feza kuwasaidia.

Ni mwaka 1941 tu Marekani iliacha zebaki katika kazi ya kofia. Ukingo ulikuwa umebadilika mara ngapi mbele ya mapafu ya mfanyakazi kuangaliwa?

Na ile zebaki haijaisha. Leo, kule Ituri na Kivu, wachimbaji wa zahabu wanaichanganya na mchanga, zahabu inashikana nayo, kisha wanaichoma. Moshi wake hauna harufu, mara nyingi hauonekani. Anayechoma anauvuta, na mtoto aliye karibu vilevile.

Kamarade, kama uko na ndugu katika ile kazi, umwambie: asichome ndani ya nyumba, asitumie sufuria ya chakula, na mikono ikianza kutetemeka aende kwa daktari, aseme wazi kazi anayofanya. Na wewe mama, ukiona inachomwa kwa jiko lako, ukatae. Toa watoto inje kwanza, masemi yatafuata.