Hewa Isiyonuka katika Tumbo la Mashua

Kama unaishi pwani, au kando ya moja ya maziwa yetu makubwa, bila shaka umeona mashua ya zamani yenye mashine ndani. Huenda umeipanda. Mashua hizi hubeba abiria, dagaa, nazi, saruji na magunia ya mpunga. Baadhi zilijengwa kwa ajili ya tanga, na mashine ikawekwa baadaye. Kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kumwachia fundi nafasi.

Fundi akitaka kubadili oili, huinua vibao vya sitaha karibu na tezi. Huteremsha miguu kwanza, kisha kiuno, kisha mabega. Upande mmoja kuna mataruma ya mashua. Upande wa pili kuna mashine, pengine bado ina moto. Chini kuna ngama yenye maji machafu na mafuta. Nati anayoitaka iko nyuma ya mashine, mahali ambapo mkono unafika lakini jicho halifiki. Spana ikimponyoka, inalala ngamani.

Leo hatutazungumza juu ya nati hiyo. Tutazungumza juu ya pumzi ya mtu anayeifungua.

TUCHUKUE MFANO

Mfano huu haumhusu mtu fulani. Lakini mambo ya namna hii hutokea.

Fundi mmoja na mwanawe wamefika pwani alfajiri. Mashua inasubiriwa na abiria wa saa mbili. Usiku imevuja, na maji yamekaribia mashine. Baba anasema, "Tukifua maji kwa ndoo tutachelewa." Basi wanateremsha pampu ndogo ya petroli ndani ya mashua na kuiwasha. Mvua inanyunya, kwa hiyo wanaacha turubai limefunika nusu ya tundu. Pampu inanguruma. Baba anaingia kukaza ukanda wa mashine.

Baada ya dakika chache kijana anauliza, "Baba, nikupe spana nyingine?"

Kimya.

"Baba!"

Kimya. Kijana anachungulia. Baba amelaza kichwa juu ya mashine kama mtu aliyesinzia.

Kijana anavua shati ili aruke ndani. Mzee mmoja anayetengeneza nyavu katika mashua ya jirani anamwahi na kumshika mkono.

"Usiingie, mwanangu!"

"Lakini mzee, ni baba yangu!"

"Najua ni baba yako. Ukiingia tutawatoa wawili. Zima pampu! Tupa turubai!"

Mzee anaizima pampu kwa ncha ya upondo. Wanang'oa vibao vyote vya sitaha. Upepo wa bahari unaingia. Kisha watu wanne wanalala kifudifudi juu ya sitaha, vichwa vyao vikiwa nje. Wananyoosha mikono tu, wanamshika fundi makwapani, na kumvuta juu.

Fundi huyu amepona. Lakini kama kijana angeruka, mama yake angeweza kupata misiba miwili asubuhi moja. Katika ajali za namna hii, mara nyingi anayefuata kuokoa naye huanguka.

NI HEWA GANI HII?

Mashine yoyote inayochoma petroli au dizeli hutoa moshi. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi. Haina harufu. Haina ladha. Moshi waweza kunuka, lakini sumu yenyewe hainuki. Pua yako haiwezi kukuonya.

Mashine ya petroli hutoa sumu hii kwa wingi. Mashine ya dizeli hutoa kidogo zaidi. Lakini katika chumba kisichopitisha hewa, hata kidogo hicho hujikusanya kikawa kingi. Sehemu moja tu ya sumu hii katika sehemu 100 za hewa yaweza kumuua mtu kwa dakika chache.

Inauaje? Fikiri juu ya mashua ya kuvusha abiria. Damu yetu ndiyo mashua. Abiria wake ni oksijeni, yaani hewa inayotupa uhai. Damu huipakia oksijeni mapafuni na kuiteremsha katika ubongo, moyo na misuli. Kisha hurudi kuchukua nyingine.

Kaboni monoksidi ni abiria mbaya. Hupanda mashua na kukalia viti vyote. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Haiteremki upesi. Mashua inakwenda na kurudi, lakini oksijeni imeachwa pwani. Ubongo unakosa oksijeni, na mtu anaanguka. Mtaalamu wa Ufaransa, Claude Bernard, alieleza jambo hili tangu miaka ya 1850.

DALILI ZAKE

Dalili za mwanzo ni hizi:

- kichwa kuuma;
- kizunguzungu;
- kichefuchefu au kutapika;
- miguu kukosa nguvu;
- usingizi na mawazo kuchanganyika.

Angalia vizuri. Dalili hizi hufanana na malaria. Hufanana na kuchafukwa roho kwa mawimbi. Hufanana hata na ulevi. Kwa hiyo watu husema, "Ana malaria huyu," au, "Hajazoea bahari." Ukisikia kichwa kinauma ukiwa karibu na mashine, na ukitoka nje unapata nafuu, ujue si malaria. Ni hewa.

Hatari hii si ya fundi peke yake. Bomba la moshi la mashua ya zamani huliwa na kutu, hasa kwenye maji ya chumvi. Likitoboka, moshi huingia chini ya turubai walimoketi abiria. Mama mjamzito na watoto wadogo huumia zaidi. Kila wiki litazame bomba kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiona alama nyeusi za masizi kwenye kiungo, hapo ndipo linapovuja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

HATARI NYINGINE HUMO CHINI

Mvuke wa petroli. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa. Hushuka hadi ngamani na kulala humo kama maji, usiouona. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata mahali penye baridi kali, sembuse kwetu kwenye joto. Cheche moja hutosha. Usiingie na koroboi wala sigara. Tumia tochi, nayo uiwashe ukiwa bado nje.

Betri. Betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Maji yake ni asidi inayounguza ngozi na macho. Kabla ya kufanya kazi, fungua kwanza waya wa hasi, ili spana isitoe cheche.

Vitu vinavyozunguka. Ukanda na shafti havichagui. Hushika kikoi, kanzu, shati lililofunguliwa na nywele ndefu. Katika nafasi finyu huwezi kuruka nyuma. Vaa nguo zinazokubana.

Maji na mafuta ya moto. Usifungue kifuniko cha maji wakati mashine ina moto. Maji yatakurukia usoni. Vilevile, usipime nozeli ya dizeli kwa kidole. Dizeli inayotoka kwa nguvu hupenya ngozi. Kidonda huonekana kidogo kama tundu la sindano, lakini mtu anaweza kupoteza mkono. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama huoni maumivu.

Kitambaa cha zamani kwenye bomba. Zamani mabomba ya moshi yalizungushiwa asibesto kuzuia joto. Vumbi la asibesto huingia mapafuni na baada ya miaka mingi laweza kuleta saratani. Ukikuta kitambaa cha kijivu kinachomung'unyika, usikikwangue wala kukipuliza. Kiache, na uwaulize wataalamu.

KABLA HUJAINGIA

Fanya mambo haya saba kila mara:

1. Zima mashine. Ngoja ipoe.
2. Ondoa turubai na inua vibao vyote, si kibao kimoja.
3. Acha upepo upite kwa muda mrefu. Kama hakuna upepo, pepea kwa kipande cha tanga au mkeka.
4. Usiteremshe kamwe pampu ya petroli wala jenereta ndani ya mashua. Iweke nje mahali penye upepo, na moshi wake uelekee mbali na tundu. Mpira wa kunyonya maji ndio uingie ndani.
5. Jifunge kamba chini ya makwapa. Mtu mmoja aishike akiwa juu.
6. Mtu huyo asiondoke hata kununua sigara. Akuite kila baada ya muda mfupi, nawe umjibu.
7. Kichwa kikianza kuuma, toka. Usiseme, "Namalizia nati hii moja tu."

Ukitaka kusikiliza mashine ikiwa imewashwa, isikilize ukiwa juu, vibao vikiwa wazi.

MWENZAKO AKIANGUKA

Usimfuate. Piga kelele watu waje. Zima mashine ukiwa nje. Fungua kila kitu. Mvute kwa kamba. Kama hana kamba, mvute ukiwa juu, kichwa chako kikiwa nje. Mpeleke penye upepo na umlegeze nguo. Kama anapumua, mlaze ubavu. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni na kumkandamiza kifua, kama mlivyofundishwa huduma ya kwanza.

Wengi wetu hukimbilia kumnywesha maziwa mtu aliyepata sumu. Maziwa hayasaidii hapa. Sumu hii haimo tumboni, imo katika damu. Tena mtu aliyezimia akinyweshwa anaweza kupaliwa na kufa.

Mpeleke hospitali yenye oksijeni, hata kama ameamka na anasema hajambo. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka katika damu kwa saa 4 hadi 5 hivi. Akivuta oksijeni ya hospitali, nusu hiyo hutoka kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Saa hizo ni muhimu kwa ubongo na moyo. Mwambie mganga wazi: "Alikuwa ndani na mashine ikinguruma." Usipomwambia, anaweza kumpima malaria na kumrudisha nyumbani.

MWISHO

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wanavijiji wa Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira ya nyumba zao. Walijifunza kwamba magonjwa mengi huanzia mahali tunapoishi. Basi na chumba cha mashine nacho ni mahali ambapo watu wanaishi saa nyingi za maisha yao. Kinahitaji hewa kama nyumba inavyohitaji dirisha.

Yule fundi wa mfano wetu alitaka kuwahi abiria wa saa mbili. Kuinua vibao vyote kungemchelewesha kidogo. Abiria wangenung'unika, kisha wangesafiri. Siku ile hawakusafiri kabisa.

Ndugu msomaji, kama wewe si fundi, msomee fundi wa kijiji chako ukurasa huu. Kama una mtoto anayemsaidia baba yake mashuani, mwambie leo: baba akinyamaza humo chini, kwanza zima, fungua, ita watu. Usiruke.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini pua haiwezi kutuonya juu ya kaboni monoksidi?
2. Mzee alimzuia kijana asiingie. Je, alifanya vema? Elezeni sababu.
3. Katika kijiji chenu, pampu ya petroli huwekwa wapi wakati wa kutoa maji mashuani au kisimani?
4. Hospitali ya karibu yenye oksijeni iko wapi, na mtamfikishaje mgonjwa huko usiku?