Adhabu ya Mlima: Mwiko wa Machimbo katika Nchi ya Kambove (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulitazama ngano za vijiji vilivyozama, na mashuhuri kati yake ni ile ya Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay nchini Kenya: ajuza anafukuzwa mlangoni, mvua inashuka, kijiji kinageuka ziwa. Leo turudi kwetu, kwenye vilima vya mukuba, yaani shaba, baina ya Likasi na Kambove, ambako adhabu haiji kwa maji bali kwa udongo. Husimuliwa kwamba fulani alichimba bila kuwaona wazee, au aliingia shimoni hali amevunja mwiko, basi ardhi ikamfunika; ama jiwe lililokuwa kijani jana likakimbia, asubuhi akakuta mchanga mtupu. Wengi huzisoma hadithi hizi kama hofu ya watu wasiojua sayansi. Mimi naona zilikuwa sheria ya ardhi, iliyoamua nani ana haki ya kufungua mlima na kwa idhini ya nani. Wasimamizi wa sheria hiyo walipoondolewa, adhabu ilibaki bila mwenyewe, na leo inatumika kuwatupia lawama marehemu.

Tuanze na mlima wenyewe. Vilima vya shaba vya Katanga vina upara: miti haistahimili udongo wake, panaota nyasi na vimaua vichache vilivyozoea sumu ile. Mtu huviona kutoka mbali katikati ya msitu wa miombo, na si ajabu vikahesabiwa kuwa na wenyewe wasioonekana. Mjiolojia Jules Cornet alipopita Kambove mwaka 1892 alikuta watu wa nchi hii wamekwisha kuchimba huko. Namna kazi hiyo ilivyoendeshwa chini ya utawala wa Bayeke ilielezwa na Monsinyori de Hemptinne katika makala yake ya 1926 juu ya "wala shaba" wa Katanga. Mtama ukishavunwa na kiangazi kikiingia, msafara ulielekea machimboni. Wanawake na watoto waliokota malakiti, lile jiwe la kijani, juu ya ardhi, wanaume wakashuka mashimoni. Uyeyushaji ulikuwa wa chama chenye siri zake na fundi mkuu wake, na tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Hakuna aliyejiendea tu. Palikuwa na majira, mkuu wa kazi, dua kwa wahenga, na fungu la mtawala. Katika mpango wa namna hiyo, hadithi ya mchimbaji aliyefunikwa na udongo ilifanya kazi ya askari ambaye haombi mshahara wala halali usingizi.

Atasema mtu: shimo huanguka kwa sababu ya maji na ukosefu wa nguzo, mizimu haihusiki. Ni kweli, wala sina ugomvi na mhandisi. Lakini desturi iliyowapeleka watu machimboni kiangazi tu iliwaepusha na miezi ambayo udongo umelowa. Sababu waliyoitaja na faida waliyoipata ni mambo mawili, na la kwanza likikosewa la pili halifutiki.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Kambove 1913, vilima vikakatwa ngazi kwa ngazi bila kumwomba mzee yeyote, na radi haikupiga ofisi za Brussels. Pwani ya Kenya ilikuwa hivyo hivyo: mwaka 1914 Waingereza waliilipua kwa baruti Kaya Fungo, patakatifu pa Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, na mizimu haikuwashukia. Je, hadithi si uongo basi? Zitazameni vizuri zinamwadhibu nani. Karibu kila mara ni mkwe, kijana wa ukoo, mgeni aliyepokewa akakaidi; yaani mtu aliye ndani ya nyumba na anayeujua mwiko. Mahakama ya mizimu ina mipaka yake, na kampuni ilikuwa nje ya mipaka hiyo. Msitu wa kaya ulilindwa na watu walioendelea kuutii, hata misitu kadhaa ya kaya za Wamijikenda ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Panapokosekana watu wa kutii, mizimu peke yake haizuii tingatinga.

Ubaya unaanzia hapo. Shinkolobwe, mgodi wa urani katika eneo hili hili la Kambove, ulifungwa na mashimo yake kuzibwa mwaka 1960. Miaka mingi baadaye wachimbaji wa mikono waliurudia wakitafuta kobalti. Serikali iliwapiga marufuku mapema 2004, na Julai mwaka huo sehemu ya mgodi ikaanguka, ikaua watu wasiopungua wanane. Ilikuwa kiangazi, kwa hiyo hata mvua haina kosa. Waliingia mahali pabovu kwa sababu njaa iliwasukuma na hakuna aliyepalinda. Akitokea wa kusema walivunja miiko, anayeponywa na maneno hayo ni nani? Si mjane wa marehemu. Anapona mnunuzi wa mawe, na afisa aliyeyaona malori yakipita. Wanawake nao huambiwa wakikaribia shimo madini yatatoroka, ilhali bibi zao walikuwa wakiokota malakiti katika machimbo ya Bayeke. Mwiko uliogeuka hivi haulindi patakatifu tena. Unalinda mifuko ya watu.

Wala dola haliwezi kuwacheka wazee. Kanuni ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002, kifungu cha 279, inakataza kukalia ardhi ya makaburi au yenye mabaki ya kale bila idhini ya mamlaka husika. Ni fikra ile ile ya zamani: kuna ardhi ambayo huiingii mpaka uombe. Kilichopungua ni kwamba kifungu kinataja makaburi na hakitaji kilima cha matambiko. Basi ndugu msomaji wa Likasi au Kambove, kampuni ikifika kupima kilima chenu, mtakeni mzee wa ardhi atamke mbele ya watu, na maneno yake yaandikwe, ni wapi pasipochimbwa. Sehemu ya tatu itahusu maziwa ya Waluba na walinzi wake.