Majani ya chai: mama anayeanza achague yapi?



Juma hili tunazungumza juu ya kitu kinachopatikana karibu katika kila nyumba ya mji wetu: chai. Tunainywa asubuhi na mkate au mandazi, tunaiweka katika termosi kwa ajili ya mgeni, tunaipeleka kwenye matanga. Lakini wengi wetu tunajua chai moja tu, ile nyeusi ya chenga-chenga, inayochemshwa katika sufuria pamoja na sukari. Siku hizi tunaona sokoni majani ya namna nyingine: mengine marefu, mengine ya kijani, mengine yamepakiwa Kivu, mengine Rwanda au China. Katika mikutano yetu wenzetu wameuliza: anayetaka kujaribu aanze na yapi, asipoteze pesa yake?

Ulizo hili linaonekana dogo, lakini linagusa mambo mawili makubwa: pesa ya nyumba, na damu ya mama mwenye mimba. Tuyachukue moja kwa moja, kama darasani.

Mti mmoja, chai nyingi

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba chai nyeusi, chai ya kijani na chai nyeupe zote zinatoka katika mti mmoja, ambao wataalamu wanauita Camellia sinensis. Tofauti inaletwa na kazi inayofanyika baada ya kuchuma.

Sisi tunaopika lituma tunajua kwamba makemba yaliyomenywa yakiachwa wazi yanageuka meusi. Jani la chai nalo ni hivyo. Likivunjwa na kuachwa hewani, rangi yake inageuka na ladha inakuwa nzito: hiyo ndiyo chai nyeusi. Likipitishwa upesi kwenye moto au mvuke kabla hewa haijalibadilisha, linabaki kijani na ladha yake inabaki nyepesi, yenye harufu ya majani mabichi. Chai nyeupe inatoka kwa machipukizi machanga yanayokaushwa tu, bila kusagwa wala kuviringwa. Kuna pia chai ya katikati, inayoitwa uluni, iliyoachwa hewani kwa kiasi.

Mchaichai tunaouita sinda, tangawizi na ngaingai si chai ya mti huo. Ni vinywaji vizuri, na sinda tutairudia hapa chini.

Chai inayotufikia inatoka wapi

Hapa kwetu Kisangani tuko kama mita 400 tu juu ya bahari, na joto letu tunalijua. Katika nchi zetu chai inapenda milima yenye baridi na mvua. Ndiyo maana mashamba ya Kongo yako Kivu, kama kule Butuhe karibu na Butembo, na Mbayo katika teritwari ya Kabare. Rwanda ilianza kulima chai mwaka 1952. Kenya ilianza mapema zaidi, kwa miche iliyopandwa Limuru mwaka 1903, na leo ni kati ya nchi zinazouza chai nyingi kuliko zote duniani. Chai ya nchi hizi nyingi inapita kwenye mnada wa Mombasa, na ya Kongo pia inauzwa huko. Nyingine inakuja kwetu moja kwa moja na wachuuzi wa Butembo, kwa barabara ya Komanda, Nia-Nia na Bafwasende.

Kwa nini basi chai yetu karibu yote ni chenga-chenga? Sababu ni mashine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kule Assam nchini India, ilibuniwa mashine yenye meno inayosaga jani, kulipasua na kulikunja kuwa punje ndogo. Kazi inakwenda haraka, na punje inatoa rangi upesi. Viwanda vingi vya Afrika Mashariki vinatumia njia hiyo. Ukiona herufi kwenye gunia au pakiti, zisome: BP1 ni punje kubwa, PF1 ni ndogo kidogo, PD ni ndogo zaidi, na D1 ni vumbi. Vumbi si uchafu. Linatoa rangi kali sana, lakini pia linawahi kuwa chungu. Njia ya zamani, ya kuviringa jani bila kulisaga, inatoa majani marefu yaliyojikunja. Ukiyatia maji ya moto yanafunguka tena, na unaweza kuliona jani lenyewe.

Tuanze na namna tatu

Ushauri wetu ni huu: usinunue pakiti kubwa ya kitu usichokijua. Chukua namna tatu, kila moja gramu 50 au chini yake.

Ya kwanza ni chai nyeusi ya punje, ya Kivu, Rwanda au Kenya. Utasema unaijua tayari. Inunue hata hivyo, kwa sababu ndiyo kipimo chako, na safari hii utaipika kwa njia nyingine. Chagua BP1 au PF1 ikiwa unaweza.

Ya pili ni chai nyeusi ya majani mazima. Ukiiweka kando ya ile ya kwanza, utaonja kazi ya mashine: rangi ni hafifu zaidi, lakini harufu ni nyingi na uchungu ni kidogo.

Ya tatu ni chai ya kijani. Mara nyingi ni ile ya China, iliyoviringwa kama vidonge vidogo, ambayo watu wa Afrika Magharibi wanaipika na nanaa na sukari nyingi. Wengi wanaoikataa mara ya kwanza wanaikataa kwa sababu imeunguzwa na maji ya kuchemka.

Sokoni tumia macho, pua na mkono. Majani mazuri yanafanana kwa ukubwa, hayana vijiti vingi wala vumbi chini ya mfuko. Nusa: yanukie chai, si sabuni, samaki wa chumvi wala petroli, kwa sababu chai inavuta harufu ya kila kitu kilicho karibu nayo. Bana kidogo kwa vidole: yaliyo makavu yanavunjika, yaliyopata unyevu yanapinda. Yaliyopinda yaache kwa mchuuzi.

Hesabu ya kikombe

Pakiti kubwa ya bei ndogo si lazima iwe ya bei nafuu. Kikombe kimoja kinahitaji gramu 2 hivi, yaani kijiko kidogo kimoja cha punje, au viwili vya majani marefu kwa sababu hayajashikamana. Kwa hiyo gramu 50 zinatoa vikombe 25. Tuseme pakiti hiyo ni franka 2.500: gawanya kwa 25, kikombe ni franka 100. Tena majani mazima, hasa ya kijani, yanakubali maji mara ya pili. Hapo kikombe kinashuka mpaka franka 50. Fanyeni hesabu hiyo mbele ya mchuuzi kabla ya kusema kwamba majani mazima ni ya matajiri.

Namna ya kupika

Sahau kwanza desturi ya kuchemsha kila kitu pamoja kwenye mbabula. Chemsha maji peke yake. Weka majani katika chombo kingine, mimina maji, funika, hesabu dakika, halafu chuja. Majani yakibaki ndani ya maji mpaka mchana, uchungu unaendelea kutoka, na hapo ndipo tunapoufunika kwa vijiko vya sukari.

Chai nyeusi inataka maji yanayochemka kabisa. Ya punje, dakika 2 au 3. Ya majani mazima, dakika 3 mpaka 5. Chai ya kijani inataka maji yaliyopoa kidogo, digrii 75 mpaka 80. Nani ana kipimajoto jikoni? Epua maji na uyaache dakika chache, au yamimine katika gobele, kisha katika gobele ya pili, ndipo uyatie kwenye majani. Dakika 2 zinatosha.

Maji nayo yana neno. Maji yenye dawa nyingi ya klorini yanaharibu harufu, na maji yenye madini ya chuma yanaifanya chai iwe nyeusi kama wino. Ili kulinganisha, tumia maji ya chombo kimoja kwa chai zote tatu. Badilisha jambo moja tu kwa wakati, kama tunavyowafundisha watoto katika somo la sayansi.

Onja kwanza bila sukari, midomo miwili tu. Baadaye ongeza sukari au tangawizi kama unavyopenda. Katika daftari andika jina la chai, dakika, na neno moja au mawili: nzito, nyepesi, inakwaruza, inanukia. Baada ya majuma matatu utajua unachopenda.

Likelemba ya chai

Mama mmoja peke yake kununua pakiti tatu ni mzigo. Lakini tunajua likelemba. Wamama sita wakikusanya pesa, wananunua namna tatu, wanaonja siku moja nyumbani kwa mmoja wao, na majani yanayobaki wanagawana kwa kijiko. Anayependa ya kijani anachukua ya kijani. Hakuna pakiti inayooza kabatini.

Chai na damu yetu

Hapa tunaomba msome polepole. Ndani ya chai, nyeusi na ya kijani pia, mna vitu vinavyoshika madini ya chuma yaliyo katika chakula, hasa yale ya maharagwe, sombe na lengalenga. Mwili unapata kidogo kuliko uliyokula. Madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Mama mwenye mimba anayekunywa chai nzito pamoja na kila chakula anajinyima damu bila kujua, na mtoto anayekua naye ni hivyo hivyo.

Dawa yake haigharimu kitu: acha saa moja au zaidi kati ya chakula na chai. Vidonge vya damu mnavyopewa CPN vimezeni kwa maji, kamwe si kwa chai. Ukiwa na chungwa au limau, lile pamoja na mboga, maana linasaidia mwili kuchukua chuma. Mtoto mchanga hapewi chai. Na ninyi wenye wanafunzi wanaojitayarisha kwa Exetat: chai inafukuza usingizi, lakini ya saa nne usiku inafukuza hata ule usingizi ambao mtoto anauhitaji kesho yake.

Jioni ndipo sinda inapofaa. Inaota nyuma ya nyumba, haina kitu cha kufukuza usingizi, na majani matatu yaliyokatwa yanatosha gobele. Lakini sinda ni kinywaji, haitibu malaria. Hata majani ya artemisia, Shirika la Afya Duniani, OMS, halikubali yanywewe kama chai ili kutibu au kuzuia malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuhifadhi

Mji wetu una mvua karibu mwaka mzima, na unyevu ndio adui wa majani. Yatoe katika mfuko wa plastiki, yatie katika kopo kavu lenye mfuniko unaobana, mbali na jua, na mbali na vitunguu na samaki. Kijiko kiwe kikavu kila mara. Kopo la maziwa ya unga lililooshwa na kukaushwa vizuri linatosha kabisa.

Mkutano wa juma lijalo kila mmoja alete daftari lake, hata kama ameandika chai moja tu. Tutayasoma pamoja, na tutapanga likelemba ya kwanza. Mwenye jirani aliye na mimba amsomee sehemu ile ya damu leo hii, asingoje mkutano.